Mabakuli Ambayo Hayakuiva

Nikizikumbuka asubuhi za Kieni naziona kwa mbali, kama mtu anayetazama kupitia dirisha lililopuliziwa pumzi. Ukungu unashuka kutoka mlimani na kulala juu ya nyasi, na ng'ombe wanapita ndani yake bila miguu. Ikifika saa tatu hivi jua linatoka na kila mnyama anarudishiwa miguu yake. Tulikaa juu kidogo ya Chaka, mahali ambapo upepo hauna siku ya mapumziko, na nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na tanuri la matofali la kuchomea vyungu. Lilikuwa kubwa kiasi cha mtu mzima kuingia akiinama.

Tanuri hilo lilikuwa la kikundi cha akina mama watano, na mama yangu ndiye aliyekuwa mkubwa wa moto. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza masomo na kurudi nyumbani na cheti ambacho hakuna aliyekitaka, kwa hiyo wakanifanya mtu wa sita, wa kukanda udongo na kubeba kuni na kutosema sana. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya ile mvua ya El Nino.

Mama alizaliwa upande wa Kangema, katika ukoo ambao wanawake wake walikuwa wafinyanzi tangu zamani. Kwao vyungu vilichomwa nje, chini, vikiwa vimefunikwa kwa matawi makavu na nyasi. Alipoolewa akaja huku kwenye ukavu alileta mikono yake tu. Udongo wa huku aliuita mkaidi. Alikuwa akiukanda huku akiuambia maneno ambayo mimi singeyasema mbele ya mchungaji, na mwishowe ulimsikia.

Tanuri lilikuja baadaye, pamoja na mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi aliyewafundisha akina mama kuchoma mara mbili. Mara ya kwanza udongo unageuka kuwa kitu kigumu, lakini kinachonyonya maji. Kisha unakitumbukiza kwenye maji mazito ya unga wa mawe, unakichoma tena, na ule unga unayeyuka na kuwa kioo. Ile mara ya kwanza ndiyo msingi. Isipoiva, ya pili ni kazi bure. Mwalimu alituachia vidole vidogo vya kupimia moto, vya udongo wa namna yake, ambavyo hupinda tanuri likifika joto lake. Viliisha katika mwaka wa kwanza na mwalimu alikuwa amehamishwa. Mama hakusikitika. Alisema hajawahi kuona kidole kinachojua moto kuliko jicho.

Basi likabaki jicho, na jicho lilikuwa lake. Ukutani mwa tanuri kulikuwa na kitundu kilichozibwa kwa nusu ya tofali. Mama alikuwa akilichomoa kwa kitambaa kilicholowa, anachungulia, analirudisha. Alinifundisha rangi kwa majina ya jikoni: kwanza ni giza, halafu inakuja nyekundu ya ini, halafu ya nyanya, halafu ya chungwa. Ikifika ya chungwa unafunga kila mdomo wa tanuri kwa tope, unaenda zako kulala. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuchungulia ila mkubwa wa moto na yule atakayemfuata, ambaye alikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa na jina la mama yake. Ndiyo sababu aliniita Maitu, yaani mama. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila mzazi humwita mtoto wake mama.

Kulikuwa na mwiko mmoja ambao hata wale akina mama wa kanisa, waliotupa miiko mingine yote, waliushika. Moto ukishawashwa, hakuna kubishana karibu nao. Si ugomvi tu. Hata kumwambia mkubwa wa moto "lakini" ilikuwa makosa, kwa sababu vyungu vinasikia, na vikisikia watu hawapatani vinapasuka. Kila mmoja alikuwa na hadithi ya kuthibitisha. Ya mama ilikuwa ya mke wa mjomba wake aliyebisha juu ya kuni mbichi, na mzigo mzima ukalia motoni kama bisi. Mimi msomi nilijua kwamba vyungu hupasuka kwa unyevu. Nilijua, na bado sikuwahi kufungua mdomo, kwa kuwa kujua ni jambo moja na kumbishia mama yako mbele ya watu ni jambo lingine.

Sasa niseme la macho. Nilikuwa nimeanza kuona mambo madogo. Alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe, kisha anakilaumu kikombe. Asubuhi moja yenye ukungu alisalimia kisiki cha msaiprasi kule kwenye ua, akakiuliza watoto hawajambo, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Alicheka pia, lakini alicheka kwa kuchelewa. Kanisani alifungua Biblia mahali popote na kukariri kwa moyo. Daktari alikuja kusema baadaye kwamba ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba mtu wa namna hiyo huona vitu kama vimepakwa rangi ya chai. Wakati huo hatukuwa na daktari. Tulikuwa na kicheko tu, na kicheko hicho kilianza kunitia hofu.

Baba alikuwa ametutoka nikiwa darasa la tano. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa mbali. Mama hakuwa na shamba la kujivunia wala mtoto mwenye kazi. Alichokuwa nacho ni kwamba akina mama wanne, wawili kati yao wenye mabati mapya na mmoja mke wa mzee wa kanisa, walisimama kimya nyuma yake siku ya moto na kungoja neno lake. Nilimwona siku hizo. Mgongo wake ulinyooka. Kama ingejulikana kwamba mkubwa wa moto haoni moto, wangemwonea huruma, wangemletea sukari, na yule wa nne, jirani yetu, mama mmoja mnene wa kucheka ambaye alikuwa na macho ya mwewe, angechukua kile kitambaa kilicholowa. Hakuna ambaye angekuwa amekosea. Lakini mama angebaki na nini?

Siku ninayoisimulia tulikuwa tumepakia mabakuli na vikombe, kazi ya karibu miezi miwili. Tuliwasha kabla jua halijatoka, moto mdogo wa kubembeleza, wa kutoa maji yaliyojificha kwenye udongo. Mvuke ulitoka juu ya tanuri ukachanganyika na ukungu hata usijue kipi ni kipi. Mlima ulijitokeza kidogo, theluji yake ikiwa na rangi ya waridi, ukafunikwa tena. Akina mama walikaa juu ya magunia wakimenya viazi na kuzungumza kwa sauti ya chini. Sauti zao zilinijia kama za watu walio chumba cha pili wakati wewe una homa.

Kufikia mchana tulikuwa tunalisha mabanzi ya mbao na matawi ya mkaratusi. Moto ulianza kuongea. Kuna saa siku ya kuchoma ambayo muda unalegea, na mtu hakumbuki kama amekaa hapo tangu asubuhi au tangu mwaka jana. Ndani ya saa hiyo mama alisimama, akachomoa tofali, akaweka jicho lake. Alikaa hapo muda mrefu kuliko kawaida. Uso wake uliwaka.

"Imeiva," akasema. "Iko chungwa kabisa. Maitu, angalia halafu ulete tope."

Nikainama. Ndani niliyaona mabakuli yetu yamekaa juu ya rafu zake kama watu ndani ya ndoto, yametulia, hayana kivuli. Yalikuwa mekundu, lakini wekundu mzito, wa chini, ule wa ini. Hata nyanya ilikuwa bado mbali. Na kule juu kwenye pembe kulikuwa karibu na giza.

Niliinua kichwa. Mama alikuwa ananitazama, au alikuwa ametazama mahali nilipokuwa. Nyuma yake wale wanne walikuwa wamesimama na karai la tope tayari. Nakumbuka upepo ulikata kwa muda. Ningeweza kusema. Ningeweza hata kusema kwa ujanja, nimwambie tuongeze kidogo kwa sababu ya baridi ya huku kwetu. Niliwaza mwiko. Niliwaza mgongo wake. Kwa kweli niliwaza zaidi jirani yetu na macho yake ya mwewe. Basi nikachukua tope kwa mikono miwili na nikaziba.

Tulingoja siku mbili tanuri lipoe. Lilipofunguliwa, mama ndiye aliyeingiza mkono kwanza, kama desturi ilivyotaka, akatoa bakuli la mbele. Aliligeuza kidogo kifuani pake, akiwa ametupa mgongo. Kisha akalipitisha nyuma, nasi tukatoa mengine moja moja tukayapanga kwenye stoo. Yalikuwa yamepauka, rangi ya mchanga mkavu. Akina mama waliyasifu kwa kuwa hakuna lililopasuka. Jirani yetu alisema, "Haiya, leo hata moja haijalia!" Mama alisema, "Ni Mungu."

Jioni hiyo akaniambia kwamba kesho anaenda Kangema kumwona dada yake. Nikamuuliza kuna nini. Akasema kwani lazima kuwe na kitu ndiyo mtu aone dada yake? Kazi ya kutumbukiza mabakuli kwenye maji ya kioo ingengoja arudi. Asubuhi alijifunga leso, akachukua kikapu, akaondoka ndani ya ukungu. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza mpaka nyayo zake zikaisha.

Siku hiyo hiyo, kwa sababu sikuwa na la kufanya na kwa sababu moyo ulikuwa unanisuta, nilichukua bakuli moja lenye vumbi nikaliweka kwenye karai la maji nilioshe. Nilikuwa nimelitengeneza mimi, nilikuwa nalipenda. Kuku wakawa wamevamia sukuma wiki, nikaenda kuwafukuza. Niliporudi bakuli lilikuwa linatoa povu dogo dogo, kimya kimya, kama kitu kinachopumua. Ukingo wake ukaanza kulegea. Upande mmoja ukainama taratibu sana, ukajilaza kwenye maji, halafu ule mwingine ukaufuata. Sikuligusa. Nilikaa kwa magoti nikitazama kitu nilichokikanda, nilichokifinyanga, kilichokaa motoni siku nzima, kikiketi na kusahau kwamba kiliwahi kuwa bakuli. Mwishowe kulikuwa na tope tu chini ya karai na maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Kilikuwa kitu kizuri kukitazama. Nililia hata hivyo.

Nikaenda stoo nikayapima yote. Ukibisha bakuli lililoiva kwa kifundo cha kidole, linakujibu kwa sauti nyembamba ndefu. Haya yalijibu kama meza. Ukiyakwaruza kwa ukucha, unga ulitoka. Mengine, yale yaliyokuwa chini karibu na moto, yalikuwa na ugumu kidogo. Ya juu yalikuwa udongo uliojifanya chungu. Hayo yakiingia kwenye maji ya kioo mbele ya akina mama wote, yangeyeyukia mikononi mwao, na kila mtu angegeuka kumtazama mkubwa wa moto.

Dawa yake inajulikana: unayarudisha motoni. Udongo ambao haukuiva hauna kinyongo. Ukiwa mkavu, haujaguswa na maji, unaweza kuuchoma tena mpaka ufike. Kinachotakiwa ni kuni, siku moja nzima, na mtu wa kusema imetosha. Kuni zilikuwepo. Siku nilikuwa nayo, kwa kuwa mama alisema atarudi Jumamosi, na hiyo ilikuwa Jumatano. Mtu wa kusema imetosha ndiye sikuwa naye.

Alhamisi nilipakia peke yangu. Nilianza asubuhi, moto mdogo, nikaupandisha polepole. Saa nne jirani yetu alitokea kwenye ua, amejifunga shuka, ananusa hewa.

"Wewe msichana, kwani mnachoma na mama yako hayuko?"

"Sichomi, mama. Nakausha tanuri. Imeshika maji."

Alitazama rundo la kuni. Alitazama mlango wa tanuri niliokuwa nimeuziba kwa matofali. Alinitazama mimi, masizi mpaka kwenye nyusi. Uongo wangu ulikuwa na miguu mifupi sana. Lakini moto ulikuwa unawaka, na karibu na moto hatubishani, naye alikuwa mtu wa kushika mwiko. Akaenda zake. Saa sita akarudi na mahindi ya kuchemsha na chai kwenye birika, akaketi kwenye gunia, akaanza kunipasia mabanzi bila kuulizwa. Alikaa mpaka alasiri. Alisema jambo moja tu.

"Kukausha siku mzima! Hii ni tanuri ama ni kisima?"

Akacheka peke yake kwa muda mrefu, tumbo lote likicheka, kisha akaenda kukamua ng'ombe. Nilimpenda sana siku hiyo, mimi niliyekuwa nimemwogopa.

Baada ya yeye kuondoka nilichomoa tofali na kuchungulia. Ini. Nikaongeza kuni. Nikachungulia tena. Nyanya, nadhani. Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho miaka yote ya kusimama nyuma ya mama haikunifundisha. Ukitazama moto kwa muda, unaanza kukuambia unachotaka kusikia. Ulikuwa wa chungwa, halafu haukuwa. Nilifumba macho, nikafumbua, nikaona mabaka ya kijani. Nilitaka mtu yeyote ainame karibu na mimi aseme, ndiyo, hata mimi naona hivyo. Nilijikuta nasema kwa sauti, "Ni chungwa ama si chungwa?" na hakuna aliyenijibu ila mkaratusi uliokuwa unapasuka mdomoni mwa tanuri. Niliendelea kulisha kuni mpaka nikachungulia na mabakuli yakawa ya chungwa bila shaka lolote, yanang'aa kwa mwanga wao wenyewe, mepesi kiasi kwamba yalionekana yanaelea. Nikaziba kwa tope. Nikakaa chini nikiwa nimeegemea matofali yenye joto, na nafikiri nililala, maana nilimwona bibi yangu ambaye sikuwahi kumwona, akipita katikati ya mashamba ya chai ya Kangema na chungu kichwani, hana haraka.

Mama alirudi Jumamosi mchana na nduma na maparachichi na majani ya chai kwenye karatasi ya gazeti. Tanuri lilikuwa limepoa. Nilikuwa nimetoa mabakuli na kuyapanga stoo vilevile alivyoyaacha, yale ya ukingo mpana mbele, vikombe nyuma. Mawili tu yalikuwa yamepasuka, nikayatupa bondeni. Nilijiona mwerevu. Nilikuwa hata nimefagia majivu.

Hakunywa chai. Alivua leso, akaenda stoo moja kwa moja, nami nikamfuata. Alipapasa rafu, akachukua bakuli, akalibisha kwa kifundo. Lilimjibu kwa sauti ndefu, safi, ambayo ilikaa ndani ya stoo ile ya mabati muda mrefu kuliko nilivyotaka. Akachukua lingine. Akalikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, akajinusa kidole.

"Nani alichoma hii?"

"Ni mimi, Mami."

"Uliona aje?"

"Moja iliyeyuka kwa karai."

Alilirudisha bakuli mahali pake taratibu, akitafuta rafu kwa mkono mwingine kwanza.

"Sikuulizi ya karai. Ile siku tukiwa kwa moto, nilikuambia uangalie. Ilikuwa rangi gani?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshafanya mazoezi wiki nzima. "Ilikuwa ya ini," nikasema.

"Ya ini." Alicheka kidogo puani. "Na mimi niliona chungwa. Niliona chungwa kabisa, Maitu, naapa." Kisha akasema, "Ile bakuli ya kwanza, nilikwaruza nikiwa nimewapa mgongo. Nikajua. Nikaenda kwa dada yangu ndio nisikae hapa ukiniangalia. Nilikuwa nashukuru Mungu ati hujui."

"Mami, sikutaka wale wengine…"

"Wacha hao wengine. Wewe uliona, na ukaniacha nifunge. Ukanisaidia kufunga na mikono yako."

"Ni mwiko. Na sikutaka uaibike." Nikamsogelea. "Nilikuwa hapo kando yako, Mami. Sikukuacha. Nilikuwa hapo tu."

"Hapana," mama akasema. Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. "Mtu akiwa kando yako, anakuambia. Mimi nilikuwa hapo peke yangu."

Akatoka nje. Nilibaki ndani ya stoo na mabakuli zaidi ya mia, yote yameiva, na sikuwa na mahali pa kuweka mikono yangu. Nimewahi kupigwa na mama, nikiwa mdogo, kwa mwiko wa ugali, na nimesahau karibu mara zote. Hii sijaisahau. Nilikuwa nimemfanyia heshima, nilidhani, na heshima yangu ilikuwa imemwacha kwenye giza na kumfungia mlango kwa tope.

Jumatatu aliwaita wenzake, mapema, kabla ya chai. Aliwaambia mwenyewe, amesimama, mgongo wake ukiwa vilevile. Alisema macho yake yameanza kumdanganya, kwamba mabakuli hayakuiva siku ile ikabidi yarudishwe motoni, na kwamba kuanzia sasa mimi nitaangalia, yeye atauliza. Mke wa mzee wa kanisa alifungua mdomo kusema la mwiko. Jirani yetu akamkanyaga mguu, nikaona.

Tulipochoma tena, mama aliketi karibu na tanuri kwenye kigoda, mkono wake ukiwa umenishika kifundo cha mkono. Hakukiachia tangu asubuhi. Alikuwa na vidole vigumu vya mfinyanzi, na mpaka mchana damu ilikuwa haipiti vizuri, lakini sikuuondoa mkono wangu. Alasiri ukungu ulishuka na akina mama wakasogea. Nilichomoa tofali, nikainama, na mkono wake ukainama pamoja nami.

"Nimehesabu saa, inafaa iwe chungwa sasa. Rangi gani?" akauliza, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Si chungwa, Mami. Umekosea kuhesabu saa. Bado iko mbali."

Vidole vyake vilikaza, halafu vikalegea.

"Basi ongezeni kuni," mama akasema.